Kiazi cha Kuoka Mbele ya Juisi ya Nanasi

Mtu anapoamua kupunguza mwili, kiazi huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuondolewa kwenye sahani kwa madai kwamba ni wanga mtupu, ilhali glasi ya juisi ya nanasi huachwa palepale kwa kuwa imetokana na tunda. Hukumu hiyo ina chembe ya ukweli, nami nitaifikia, lakini takwimu za vyakula hivi viwili zikiwekwa sambamba huonekana kwamba kiazi kimeonewa.

Tuchukue kiazi mviringo cha wastani kilichookwa na ganda lake, chenye gramu 170 hivi, na glasi ya mililita 250 ya juisi isiyoongezwa sukari. Kwa nishati havipishani sana: kiazi kina takriban kalori 160, juisi 130. Hata hivyo, sehemu kubwa ya nishati ya juisi hutokana na sukari, gramu 25 hivi, wakati kiazi kina gramu 2 tu za sukari, wanga mwingi, na gramu 4 za protini, ambayo kwenye juisi haifiki hata gramu moja. Kiazi hicho kina pia karibu gramu 4 za nyuzinyuzi. Za nanasi ziko wapi? Aliyewahi kuchuja juisi amezishika kwa mkono wake: ni yale makapi ya manjano yanayobaki kwenye chujio na kutupwa.

Jambo linalosahaulika zaidi ni potasiamu, madini yanayosaidia kudhibiti shinikizo la damu kwa kupunguza athari za chumvi mwilini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 kwa siku, na kiazi chetu kimoja kina zaidi ya 900, yaani robo ya kiasi hicho na ziada. Glasi ya juisi ina kama 325. Anayetaka kupata kwa juisi kile alichopewa na kiazi kimoja atahitaji karibu glasi tatu, na glasi hizo zitakuwa zimempa zaidi ya gramu 70 za sukari. Shirika hilohilo huihesabu sukari ya juisi pamoja na ile ya kuongezwa, na ukomo wake, kwa anayekula kalori 2,000 kwa siku, ni gramu 50. Kuoka nako kunasaidia, kwa sababu kiazi kilichomenywa na kuchemshwa huacha sehemu ya potasiamu kwenye maji yanayomwagwa.

Juisi nayo ina yake. Glasi hiyo ina vitamini C miligramu 25, kiazi 17 hivi, na ina madini ya manganizi yanayofikia takriban nusu ya mahitaji ya siku. Kimeng'enya cha bromelaini kinachosifiwa sana kwa nguvu yake ya kuvunja protini kimo kwenye nanasi bichi, lakini juisi iliyopashwa moto kiwandani hupoteza nguvu hiyo. Kwa mgonjwa asiyeweza kutafuna, kinywaji kina nafasi yake.

Hoja nzito dhidi ya kiazi ni kwamba, kikiwa cha moto kutoka kwenye oveni, hupandisha sukari ya damu kwa kasi kuliko hata juisi yenyewe, kwani wanga wake huvunjwa upesi kuwa glukosi. Mwenye kisukari hana budi kulizingatia hilo. Kasi hiyo hupungua kiazi kikiachwa kipoe au kikiliwa pamoja na maharage au samaki. Ila siagi na krimu vinavyorundikwa juu yake ni mzigo mwingine, ingawa lawama hutupiwa kiazi.

Kwa mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kutoa potasiamu, hesabu yote hugeuka. Miligramu zile 900 huwa hatari kwa moyo wake, na kule kukata kiazi vipande, kukichemsha na kumwaga maji, ambako kwa wengine ni hasara, kwake ndiko hushauriwa.