Mpeni Mama Watoto na Zangu

Kliniki tunayokwenda ina milango miwili. Mama watoto huingia wa kulia, wa wanaomeza ARV, dawa za wenye virusi vya UKIMWI. Mimi huketi kwenye benchi la kushoto, pamoja na wasichana wa chuo na madereva wa malori, tukingoja PrEP, kidonge cha kumkinga asiye na virusi. Miezi mitatu iliyopita tulitoka Nyalenda, mtaa wetu hapa Kisumu, kwa boda moja, tumebanana watatu na dereva, kwa sababu ilikuwa tarehe yake. Yangu ilikuwa ya wiki iliyofuata. Nikaona kwa kuwa nimeshafika, nipewe tu. Sista akaniangalia kwa huruma, akasema, "Baba, faili lako haliko upande huu."

Faili langu lilikuwa chumba cha pili. Ukuta unaotutenganisha ni wa mbao laini. Nilikuwa nikimsikia mama watoto akikohoa upande wa pili.

Mimi ni fundi wa pikipiki. Siku banda likifungwa, hakuna kinachoingia. Yeye tangu virusi vyake vilipopanda mwaka jana anaitwa kila mwezi, mimi kila miezi 3, na tarehe zetu hazijawahi kukutana hata kwa bahati.

Hali zetu tulizijua alipokuwa na mimba ya mtoto wa pili. Wote wawili tulipimwa kliniki ya wajawazito, yake ikaonyesha virusi, yangu ikakataa. Nilirudia kupimwa mara tatu. Wazee wa kwetu wangesema nina damu ngumu, na kuna jirani aliyeniambia hivyo hivyo kwa mdomo wake. Lakini hakuna damu ngumu wala laini, ila virusi tu ambavyo havijapata njia. Daktari alitueleza vizuri sana, tena tukiwa tumeketi pamoja, na hiyo ndiyo siku pekee tuliyowahi kuketishwa pamoja. Alisema: mama anaanza ARV leo, zinahitaji miezi kama 6 kuvishusha virusi hadi visionekane kwenye kipimo. Visipoonekana, haviambukizi kwa njia ya ngono. Kwa miezi hiyo baba atameza PrEP, kidonge kimoja kila siku, kama mtu anayevuka daraja. Akifika ng'ambo, anaacha.

Nikavuka, nikaacha. Kisha mwaka jana kukawa na matanga ushago, mama watoto akakaa wiki tatu badala ya moja, dawa zikamwishia huko. Kipimo kilichofuata kilionyesha virusi vimepanda. Nikarudi darajani.

Sasa angalieni upuuzi wenyewe. Kila nikifika benchi la kushoto, swali la kwanza ninaloulizwa ni, "Mwenzako kiwango chake cha virusi kikoje?" Jibu limeandikwa kwenye faili la mlango wa kulia, hatua kumi kutoka hapo. Naulizwa mimi, fundi, nikumbuke namba. Na yeye huko ndani haulizwi kama mumewe bado anameza. Dawa yangu inategemea damu yake, lakini madaftari mawili hayajuani.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba jambo hili lilithibitishwa hapa hapa kwetu, tena kwa watu wawili wawili. Utafiti wa Partners PrEP, ulioanza 2008, ulifuatilia jozi 4,747 za wanandoa wa Kenya na Uganda, mmoja ana virusi na mwenzake hana, na Kisumu ilikuwa mojawapo ya vituo. Matokeo yaliyochapishwa 2012 yalionyesha kwamba kidonge chenye dawa mbili kimepunguza maambukizi kwa asilimia 75. Baadaye ukaja mradi mwingine, Kisumu ikiwemo tena, Thika pia na miji miwili ya Uganda, jozi zaidi ya 1,000, ukajaribu hiyo njia ya daraja. Maambukizi yalipungua kwa asilimia 96 ukilinganisha na yaliyotarajiwa. Waliofanikiwa hivyo walihudumiwa kama jozi. Mwezi Mei 2017 serikali ilipozindua PrEP nchi nzima, kidonge kilitufikia. Ile jozi nadhani ilibaki kwenye ripoti.

Hata wafadhili wanatuhesabu mmoja mmoja. Mapema 2025 Marekani ilipositisha misaada, ruhusa iliyofuata ya kuendeleza baadhi ya huduma ilibakiza PrEP kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Nilicheka, maana mimi hata nikijitahidi vipi sitanyonyesha. Na sindano ya kinga ya lenacapavir, ile ya mara mbili kwa mwaka inayosifiwa sana, naipenda, lakini bado nitauliza itachomwa mlango upi.

Ninachotaka ni kidogo. Tarehe moja. Meza moja. Na mmoja wetu akienda, apewe za wawili. Najua jibu la kliniki: anayemeza PrEP lazima apimwe kwanza, kwa sababu akishaambukizwa, dawa hizo peke yake hazimtoshi na virusi vinaweza kuzizoea. Kweli kabisa. Lakini kipimo cha kujipima nyumbani kipo, kile cha kupangusa ufizi, na Thika walishajaribu kuwapa watu PrEP ya miezi 6 pamoja na vipimo hivyo, na hawakufanya vibaya kuliko waliokuwa wakiitwa kila miezi 3. Na figo, ambazo anayemeza PrEP pia hukaguliwa, zangu zinaweza kuangaliwa siku nikienda mwenyewe.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la sista mmoja. Aliniambia, "Baba, si kila nyumba ni kama yako." Kuna mwanamke anayemeza PrEP kwa siri kwa sababu mumewe hataki hata kupimwa, na wapo waliopigwa kopo lilipoonekana. Ukiwalazimisha hao meza moja, umewaumiza. Basi msilazimishe. Tuulizwe, tukubali wote wawili, kila mmoja akiulizwa peke yake.

Na hayo makopo! Aliyeyabuni hajawahi kupanda matatu ya Kondele. Vidonge 30 ndani ya plastiki vinalia kama kayamba, gari zima linajua umetoka wapi. Mama watoto hujaza pamba. Mimi huviringisha langu ndani ya ovaroli chafu na kuliweka chini ya spana, hakuna anayegusa hapo.

Nyumbani makopo yote mawili yanakaa kwenye mkebe mmoja wa majani ya chai, juu ya kabati. Saa tatu usiku, habari zikianza, yeye anafungua mkebe, ananipa changu, anachukua chake, tunapokezana kikombe cha maji. Kifungua mimba wetu huwa wa kwanza kutukumbusha tukichelewa.

Wiki ijayo yeye anaitwa Jumanne, mimi Alhamisi. Nimeshamwambia mteja mmoja giaboksi yake ingoje hadi Ijumaa.