Kutamba Daraja la Chini au Kuteseka Ligi Kuu: Shabiki Achague Lipi?

Msimu wa 2022/23 Burnley ilicheza mechi 46 za Championship, daraja la pili la soka ya Uingereza, ikapoteza 3 tu na kutwaa ubingwa kwa pointi 101. Msimu uliofuata, ikiwa na kocha yuleyule, Vincent Kompany, iliingia Ligi Kuu, ikacheza mechi 38, ikapoteza 24, ikashinda 5 na kurudi ilikotoka ikiwa na pointi 24. Shabiki aliyezoea kutoka uwanjani akiimba alijikuta, ndani ya miezi michache, akiingia uwanjani huku akijiuliza leo watafungwa mangapi. Kutokana na hali kama hiyo, mashabiki wa timu za kati hawachoki kubishana: je, ni heri timu itambe daraja la chini na kubeba vikombe, au ni heri iwe juu hata kama kazi yake huko ni kupigania kutoshuka?

Wanaochagua daraja la chini hudhaniwa kuwa ni watu waliokata tamaa, na dhana hiyo haiwatendei haki. Hoja yao inaanzia kwenye maisha halisi ya ushabiki. Shabiki huishi kutoka mechi moja hadi nyingine, na anachokilipia kwa fedha, muda na sauti yake ni zile dakika 90 pamoja na mazungumzo ya wiki nzima yanayozifuata. Championship ina timu 24, na nyingi kati yao hufungana zenyewe kwa zenyewe kiasi kwamba aliye wa tatu akipigwa na aliye wa ishirini hakuna anayeshtuka. Timu iliyo nafasi ya kumi mwezi Februari bado ina sababu ya kuota, kwa kuwa timu mbili za kwanza hupanda moja kwa moja, na kadhaa zinazozifuata huingia kwenye mchujo wa kuwania tiketi ya mwisho ya kupanda. Isitoshe, bao likitinga wavuni hushangiliwa papo hapo, maana mechi za kawaida za ligi hiyo hazina VAR, yaani mwamuzi msaidizi wa video, ambayo Ligi Kuu ilianza kuitumia msimu wa 2019/20. Jambo hili linaweza kuonekana dogo kwa asiyekaa jukwaani, lakini shangwe inayosubiri kibali cha skrini huwa imeshapoa inapofika.

Hoja yao ya pili ni nzito zaidi. Wanasema mateso ya Ligi Kuu si bahati mbaya ya msimu mmoja, yamejengwa ndani ya mfumo wenyewe. Mwisho wa msimu wa 2023/24 timu zote tatu zilizokuwa zimepanda, yaani Burnley, Luton Town na Sheffield United, zilishuka pamoja, na Sheffield United ilifungwa mabao 104. Msimu wa 2024/25 hali ilijirudia kwa Leicester City, Ipswich Town na Southampton. Kabla ya hapo, tangu Ligi Kuu ianzishwe mwaka 1992, jambo hilo lilikuwa limetokea mara moja tu, msimu wa 1997/98. Chanzo kikubwa ni fedha. Aliyekaa juu muda mrefu amelimbikiza mapato ya haki za matangazo ya televisheni na kujenga kikosi ambacho mgeni hawezi kukifikia kwa dirisha moja la usajili. Anayeshuka hupewa mafungu ya kumpunguzia makali: asilimia 55 ya mgawo wa fedha za matangazo ambao klabu zote za Ligi Kuu hupata sawa, mwaka wa kwanza, 45 mwaka wa pili na 20 mwaka wa tatu, ingawa aliyedumu juu msimu mmoja pekee hukosa fungu hilo la mwisho. Kwa hiyo akirudi chini anakuwa tajiri kuliko wenzake, na akipanda tena anakuwa maskini kuliko wote. Norwich City ilipanda ikiwa bingwa mwaka 2019, ikashuka mwaka 2020, ikapanda tena ikiwa bingwa mwaka 2021, ikashuka mwaka 2022, na mara zote mbili iliposhuka ilikuwa ya mwisho kwenye msimamo. Mpe shabiki wake achague upya kati ya ile misimu miwili ya ubingwa na ile miwili ya kuburuza mkia, na sidhani kama atahitaji muda mrefu kufikiri.

Ni hoja zenye nguvu, na upande wa pili haupaswi kuzijibu kwa kauli nyepesi za kwamba timu kubwa lazima icheze na wakubwa. Una majibu bora kuliko hayo.

La kwanza ni kwamba ushindi wa chini unapata thamani yake kutokana na mlango wa juu ulio wazi. Ondoa ndoto ya kupanda, na ile mechi ya mwezi Aprili inayoamua nafasi ya pili inabaki kuwa mechi tu. Shabiki anayesema angependa timu yake iitawale Championship daima anaomba kitu ambacho mfumo hauna, kwa sababu anayeitawala huondolewa. Njia pekee ya kubaki pale ni kutoshinda vya kutosha, na hapo ile raha anayoizungumzia inakuwa imetoweka.

La pili ni kwamba kuna mateso yanayozaa. Leicester ilitwaa ubingwa wa League One, daraja la tatu, mwaka 2009, na ule wa Championship mwaka 2014. Msimu wake wa kwanza Ligi Kuu ulikuwa wa uchungu, ikakaa mkiani kwa miezi kadhaa hadi watu wengi wakaihesabu kuwa imeshashuka, kisha ikashinda mechi 7 kati ya 9 za mwisho na kumaliza nafasi ya 14. Mwaka mmoja baadaye, mwezi Mei 2016, ilikuwa bingwa wa Uingereza. Mfano huo ni wa nadra mno, na haifai kuuza ndoto hiyo kwa kila klabu inayopanda. Mfano wa Brighton naona una manufaa zaidi kwa mjadala huu. Ilipanda mwaka 2017, msimu wa 2018/19 ikanusurika katika nafasi ya 17 kwa pointi 36 baada ya kushinda mechi 9 tu, na mwaka 2023 ikamaliza ya sita na kupata tiketi ya kwanza ya mashindano ya Ulaya katika historia yake. Aliyelalamika mwaka 2019 kwamba timu yake haifungi wala haifurahishi alikuwa anasema kweli. Hata hivyo, yaliyofuata yasingefika bila msimu ule.

Kuna kasoro nyingine katika swali lenyewe, nayo husahaulika sana. Linamwekea shabiki mizani ya kushinda chini upande mmoja na kushindwa juu upande wa pili, kana kwamba anayeshuka hukabidhiwa ushindi mlangoni. Sunderland ilishuka Ligi Kuu mwaka 2017, na mwaka uliofuata ikashuka tena hadi League One, ambako ilikwama misimu minne. Mashabiki wake hawakuikimbia: mwezi Desemba 2018 watu 46,039 waliingia uwanjani kuitazama ikicheza na Bradford City, idadi ambayo timu nyingi za Ligi Kuu haziwezi hata kuipokea. Lakini msimu huohuo ulimalizika kwa kufungwa na Charlton Athletic dakika za mwisho za fainali ya mchujo. Luton nayo ilishuka mwaka 2024, na mwaka 2025 ikashuka tena. Daraja la chini nalo lina vilio vyake, na wachezaji waliozoea kufungwa hawageuki washindi kwa kuwa tu wamebadilishiwa wapinzani.

Nikipima yote haya, naona kinachomchosha shabiki kuliko kufungwa ni kuyajua matokeo kabla mpira haujaanza. Ushahidi wa wazi zaidi ninaoufahamu unatoka Ujerumani. Mwaka 1965 Hertha Berlin iliondolewa Bundesliga, ligi kuu ya nchi hiyo, kwa kukiuka kanuni za fedha, na kwa kuwa viongozi wa soka walitaka Berlin iendelee kuwakilishwa, nafasi ikapewa Tasmania Berlin, timu ambayo haikuwa na uwezo huo. Mechi yake ya kwanza ilihudhuriwa na watu zaidi ya 80,000, na ilishinda. Baada ya hapo ilicheza mechi 31 mfululizo bila ushindi, ikamaliza msimu na ushindi wa mechi 2, sare 4 na vipigo 28, ikiwa imefungwa mabao 108. Mwezi Januari 1966 watazamaji waliokuja kuiona ikicheza na Borussia Mönchengladbach walikuwa 827. Mashabiki walikubali kuwa wadogo mbele ya wakubwa, ila hawakukubali kuendelea kulipia jibu walilokuwa nalo tayari.

Hali hiyohiyo hutokea upande wa ushindi, na hapa ndipo ninapoachana na wanaotukuza kutamba chini. Rangers ya Scotland iliangushwa hadi daraja la nne mwaka 2012 baada ya kampuni iliyoiendesha kufilisika. Mechi ya kwanza ya ligi nyumbani iliingiza watu zaidi ya 49,000, na msimu wa 2013/14 timu ilitwaa ubingwa wa daraja la tatu bila kupoteza hata mechi moja ya ligi. Kwa hesabu ya vikombe, shabiki alikuwa na kila sababu ya kufurahi. Lakini hakuna aliyetamani kubaki huko, na hadi msimu wa 2014/15 viti vitupu vilizidi kuongezeka; naamini sababu mojawapo ni kwamba kumfunga unayemzidi kila kitu hakusisimui muda mrefu.

Kwa kipimo hicho, kupigania kutoshuka si jambo moja. Brighton ya pointi 36 ilikuwa na mechi zilizokuwa na maana hadi wiki za mwisho. Kila pointi iliyookotwa ugenini ilisherehekewa kama kombe. Southampton ya 2024/25 ilishuka ikiwa bado na mechi 7 mkononi, ikamaliza na pointi 12, na kwa wiki zote zilizobaki wafuasi wake walikuwa wakihudhuria mazishi. Nakubali kabisa kubadilishana msimu wa ubingwa wa chini na msimu wa aina ya kwanza. Wa aina ya pili sioni anayenufaika nao isipokuwa mhasibu.

Na huyo mhasibu naye anahitaji kuangaliwa, kwa sababu kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Derby County ilishuka mwaka 2008 ikiwa na ushindi mmoja na pointi 11, kiwango cha chini kuliko chochote katika historia ya Ligi Kuu, ingawa uwanja wake uliingiza wastani wa watu zaidi ya 32,000. Mateso yale hayakuiua klabu. Kilichoiumiza vibaya zaidi ni matumizi ya miaka ya baadaye katika kusaka njia ya kurudi: mwezi Septemba 2021 iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, ikanyang'anywa jumla ya pointi 21 msimu ule na kushuka hadi daraja la tatu, ilhali bila adhabu hiyo ingenusurika. Kwa hiyo shabiki anayetaka timu yake ipande ana haki ya kuwauliza viongozi, kabla ya sherehe za kupanda kumalizika, mikataba ya wachezaji ina kipengele gani cha kupunguza mishahara iwapo timu itashuka, na fedha za matangazo zitajenga nini kitakachobaki hata baada ya wachezaji wa mkopo kuondoka. Wakiwa na majibu, mimi nachagua kupanda kila inapowezekana, hata kwa msimu wa kumaliza nafasi ya 17. Wasipokuwa nayo, ni bora timu ibaki chini mwaka mwingine na kujipanga.