Shahada Yangu na Dagaa wa Kirumba

Wenzangu mnaokatwa, hivi ni mimi peke yangu ninayeifungua hati ya mshahara kama anayefungua barua ya msiba? Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, mnufaika wa mkopo wa elimu ya juu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara badala ya 8 ya awali, na "mnufaika", jamani, ndilo jina letu rasmi! Nimenufaika na nini, ikiwa ifikapo tarehe 10 ninahesabu sarafu za daladala pale Buzuruga, hapa Mwanza? Nakiri kwamba tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021, nasi tulishangilia. Lakini deni lenyewe limekaa palepale kama Jiwe la Bismarck ziwani.

Wakati huohuo, rafiki yangu aliyeishia kidato cha nne anauza dagaa mwaloni Kirumba, mtaji wake ni turubai, ndoo na kopo la kupimia, na jana ndiye aliyenikopesha shilingi 20,000. Alilamba kidole, akafunua daftari linalonuka dagaa, akaandika jina langu taratibu, kisha akauliza: "Msomi, utarudisha lini?"