Samani kutoka nje: bei ya mlangoni au bei ya bandarini?

Mnunuzi wa jumla akiomba bei ya sofa au meza za kulia kutoka kiwanda cha ng'ambo, mara nyingi hurudishiwa karatasi moja yenye bei mbili. Ya kwanza ni FOB, yaani bei ya bandarini: kiwanda kinaufikisha mzigo melini, yanayofuata ni juu yako. Ya pili ni DDP, yaani bei ya mlangoni: mzigo unaletwa hadi ghalani, ushuru na kodi vimeshalipwa, wewe kazi yako ni kuhesabu maboksi na kutia saini. Bei ya pili ni kubwa zaidi, ila mara nyingine imezidi kidogo mno kuliko mtu angetarajia, na hapo ndipo wafanyabiashara wanapogawanyika. Wako wasiotaka kusikia habari za bandari tena maishani mwao. Wako pia wanaosema kuwa anayenunua mlangoni hajui anacholipia.

Kila upande una hoja zake. Ila mabishano haya huishia kwenye tofauti ya bei, na swali lililo zito zaidi hubaki bila kuulizwa: ni jina la nani litakaloandikwa kwenye hati za forodha?

Tuanze na ujazo, maana ndio unaoitofautisha samani na bidhaa nyingine. Samani hulijaza kontena muda mrefu kabla ya kulilemea. Kontena la futi 40 la kimo kirefu lina takribani mita 76 za ujazo kwenye karatasi. Ukishapanga sofa ambazo mikono na migongo yake haibebani, ukipata 65 shukuru. Anayechangia kontena na wengine hutozwa kwa mita ya ujazo au kwa tani, kwa kufuata kilicho kikubwa, na kwa samani karibu kila mara mita ndiyo inayoshinda. Kwa hiyo vipimo vya boksi ni pesa taslimu. Boksi la kiti la sentimita 60 kwa 60 kwa 100 likirefushwa sentimita 5 tu kwa sababu fundi wa vifungashio hakupenda kukata povu upya, maboksi 400 yanaongeza mita 7.2 za ujazo, karibu sehemu ya kumi ya kontena zima. Aliyenunua kwa bei ya bandarini ataliona hilo kwenye hesabu ya nauli, na oda ijayo atalisemea. Aliyenunua kwa bei ya mlangoni analilipia bila kuliona.

Ndiyo maana samani za kufungua na kuunga zinapendwa. Hapa kuna mtego mmoja: wapo wanaodhani kwamba meza iliyotenganishwa miguu na uso inaweza kuandikwa vipuri ili itozwe ushuru wa vipuri. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, ambao samani zimo kwenye sura yake ya 94, umelijibu hilo zamani. Kanuni ya 2(a) inasema kitu kilichofunguliwa kinaainishwa kama kitu kizima. Viti vinabaki 9401, samani nyingine 9403, hata vikija vipande vipande.

Sasa hoja ya wanaopenda DDP, na si hoja ya uvivu. Mwenye duka kubwa la samani anayeagiza makontena machache kwa mwaka hana sababu ya kuajiri mtu wa kufuatilia meli. Nauli za bahari nazo hazitabiriki. Kabla ya janga la korona, kontena la futi 40 kwenye njia kuu lilikuwa likigharimu chini ya dola 2,000 kwa wastani. Septemba 2021 wastani huo ulivuka dola 10,000. Kuanzia mwishoni mwa 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalizifanya kampuni nyingi za meli kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari za kutoka Asia kwenda Ulaya zikarefuka kwa siku kumi au zaidi. Aliyekuwa na bei ya mlangoni iliyofungwa kwa mkataba alikuwa na kinga ambayo mwenzake wa FOB hakuwa nayo. Tena kontena likikwama bandarini na siku za bure zikaisha, demareji, yaani ada ya kuchelewesha kontena, ni ya muuzaji.

Angalau kwenye karatasi. Muuzaji aliyefunga bei ya chini kisha nauli ikapanda ana kila sababu ya kungoja meli ya bei nafuu, na mkataba wa DDP usiotaja tarehe ya kufika unampa nafasi hiyo.

Udhaifu mkubwa zaidi uko kwenye jina. Katika nchi nyingi forodha inataka mwagizaji awe amesajiliwa kwa kodi nchini, na kiwanda cha ng'ambo hakijasajiliwa. Basi hufanyikaje? Ama wakala anauingiza mzigo kwa jina lake pamoja na mizigo ya watu wengine, ama jina la mnunuzi linatumiwa bila yeye kuziona hati. Katika hali ya kwanza, kodi ya ongezeko la thamani iliyolipwa bandarini imelipwa na mtu mwingine, na mnunuzi aliyesajiliwa kwa kodi hiyo hana hati ya kudai kurudishiwa. Hapo peke yake bei iliyoonekana nafuu inaweza kugeuka kuwa ghali. Hali ya pili ni mbaya zaidi: thamani ikiandikwa pungufu ili ushuru upungue, anayeulizwa ni mwenye jina. Unapoiona bei ya mlangoni ambayo ukitoa nauli na ushuru inabaki chini ya bei ya kiwandani, usisherehekee. Kuna mahali fulani ankara imepunguzwa.

Ushuru wa kuzuia bidhaa kuuzwa nje kwa bei ya kutupa una makali yake. Tangu 2005 Marekani inautoza kwa samani za mbao za chumba cha kulala kutoka China, na kiwango cha juu kabisa kimepita asilimia 200. Mfumo wao huruhusu kiwango cha mwisho kujulikana muda mrefu baada ya mzigo kuingia, na bili humfuata mwagizaji aliyesajiliwa. Wakala mdogo aliyeingiza mzigo kwa niaba ya muuzaji huenda wakati huo ameshafunga ofisi.

Kisha mbao zenyewe. Marekani, kwa sheria ya Lacey iliyopanuliwa mwaka 2008, inataka tamko lenye jina la kisayansi la mti, nchi ulikokatwa na kiasi. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni ya kupinga ukataji wa misitu inayodai alama za mahali hasa mti ulipokatwa, na ushahidi kwamba msitu huo haukufyekwa baada ya 31 Desemba 2020. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini maswali ya wanunuzi hayakungoja. Mkataba wa CITES, wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, nao unaibana jenasi nzima ya Dalbergia, yaani miti ya rosewood, tangu Januari 2017. Sasa tazama ankara ya kawaida ya kiwandani: imeandikwa “mbao ngumu”. Mbao ngumu ipi? Ya wapi? Kwa mnunuzi wa bei ya mlangoni jibu lipo kwenye faili la mtu mwingine, kama lipo. Siku mteja wake, hoteli tuseme, akidai vyeti vya mbao au vya kiwango cha formaldehaidi (kemikali ya gundi) kwenye MDF, yaani mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa, ataanza kuomba kwa barua pepe karatasi ambazo zilipaswa kuja na kontena.

Wengine watasema hizi kanuni zimezidi, na zinawabeba wenye viwanda vikubwa. Kuna ukweli ndani yake. Karakana ya watu wanane inayonunua magogo kwa dalali haiwezi kutunza ramani za misitu kama kiwanda chenye idara ya vyeti. Lakini mfano wa Indonesia unapunguza makali ya lalamiko hilo: nchi hiyo ilijenga mfumo wake wa kuthibitisha uhalali wa mbao, na Novemba 2016 ikawa ya kwanza kutoa leseni za FLEGT, mpango wa Umoja wa Ulaya wa mbao halali, kwa mbao zinazokwenda Ulaya. Mzigo wa karatasi haukuisha, ila ulihamia kwenye mfumo wa nchi badala ya kumwelemea kila mnunuzi peke yake.

CIF, ambayo wengi huiona kuwa ni njia ya katikati, mimi naiona kuwa na kasoro za pande zote mbili. Muuzaji anachagua meli na kulipa nauli, lakini hatari inahamia kwako tangu mzigo ulipopakiwa huko huko kwake. Bima anayolazimika kukukatia ni ya kiwango cha chini, masharti ya C: moto, meli kuzama, kugongana. Maji ya mvua yaliyopenya kontena hayamo, wizi haumo. Nauli ya bei ya chini mno, hasa kwenye kontena la kuchangia, hufidiwa na ada za bandari ya kufikia ambazo hukuzijadili na mtu.

FOB nayo ina kasoro ambayo watu wengi hawaijui. Ni sharti la mizigo inayopakiwa melini moja kwa moja, na kontena hukabidhiwa yadi ya bandari siku kadhaa kabla. Kikitokea kitu hapo katikati, mabishano ni marefu. Kwa kontena, Incoterms 2020, kanuni za kimataifa zinazofafanua masharti haya ya uuzaji, zinaelekeza kwenye FCA, ambapo muuzaji anamkabidhi msafirishaji mzigo mahali mlipokubaliana, na kulibadilisha neno hilo kwenye mkataba hakugharimu kitu.

Uamuzi wangu, basi: sampuli na oda ndogo ya kujaribu soko, chukua mlangoni bila kuona haya, mradi muuzaji ataje kwa maandishi nani ni mwagizaji. Ukishafika kontena zima linalojirudia, chukua FCA, na wakala awe wako. Mtume mkaguzi kiwandani kabla ya salio kulipwa. Apime unyevu wa mbao, maana mti uliokauka nusu hutoa jasho kontenani na kupasuka ukifika kwenye hewa kavu. Atazame paleti pia: za mbao zisizosindikwa lazima ziwe na muhuri wa ISPM 15, kiwango cha kimataifa cha vifungashio vya mbao, ishara kwamba zilitibiwa dhidi ya wadudu, mara nyingi kwa kupashwa joto kiini hadi nyuzi 56 kwa dakika 30. Paleti moja isiyo na muhuri inatosha kulizuia kontena zima. Bima kata mwenyewe, masharti ya A, yaliyo mapana zaidi. Meli ya Ever Given ilipokwama Suez Machi 2021, mwenye meli alitangaza hasara ya pamoja, yaani gharama za kuiokoa meli zigawanywe kati ya mwenye meli na wenye mizigo, na wenye mizigo mizima kabisa wakatakiwa kuweka dhamana kabla ya kupewa mali yao. Mwenye bima humwachia kampuni ya bima shughuli hiyo.

Na kontena likifunguliwa vitambaa vikakutwa na ukungu, saa imeshaanza kuhesabu. Chini ya kanuni za Hague-Visby, zinazohusu usafirishaji wa mizigo baharini, uharibifu usioonekana kwa nje unatakiwa kuarifiwa kwa maandishi ndani ya siku tatu tangu kupokea mzigo, na kesi dhidi ya msafirishaji hufunguliwa ndani ya mwaka mmoja. Anayeweza kudai ni yule mwenye haki chini ya hati ya shehena, ile inayotolewa na msafirishaji anapopokea mzigo. Mnunuzi wa DDP kwa kawaida hayumo kwenye hati hiyo. Wa kumdai ni muuzaji tu, ambaye mara nyingi ameshalipwa yote kabla kontena halijateremshwa. Anayeshikilia bei ya mlangoni ajadili jambo hilo kabla ya yote: sehemu ya malipo ibaki mkononi mwake hadi maboksi yafunguliwe.