Perere na kurumbiza: nani msanii?

Shemeji yangu wa Kampala alitaka kuuona mlima Rwenzori, nikampandisha hadi kambi moja ya msituni, juu ya Kilembe. Usiku akaniamsha kwa kunivuta mguu. "Shemeji, kuna mtu anachinjwa huko nje!" Sauti ilianza kama bawaba kavu ya mlango, ikapanda, ikapanda, mpaka ikawa mayowe. Nikamwambia ni perere tu, mnyama wa mitini wa kilo tatu hivi, alale. Hakulala.

Tuliporudi nyumbani, jioni ndege kurumbiza akaanza kuimba kwenye mparachichi, nyusi nyeupe, tumbo la rangi ya chungwa, jike lake likimjibu kwa mluzi mwembamba. Shemeji akatoa simu akarekodi. "Huyu sasa ndiye msanii."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Kwangu mimi, hawa wawili wanasema neno moja: hapa pana mwenyewe. Kurumbiza hulisema alfajiri na magharibi, perere hulisema wakati sisi tunataka usingizi, basi wa kwanza tunamwita mwimbaji na wa pili mpiga kelele.

Na kama unataka kujua msitu una hali gani, msikilize perere. Kurumbiza hata ukimkatia miti atapata ua wenye vichaka, atataga mayai mawili matatu, na baada ya wiki mbili hivi ana makinda. Ndiyo maana hata bustani za Kampala anazo. Mlima ukigeuzwa mkaa wote, yeye bado ataimba, na sisi tutadhani mambo ni shwari. Perere anataka mti mzee wenye pango. Mimba yake hupita miezi saba (mbuzi hamfikii), halafu anazaa mtoto mmoja, akizidisha sana wawili. Watu hucheka wakiambiwa ni jamaa ya tembo na nguva, lakini mtazame dume meno ya mbele ya juu: yanaota maisha yote, kama pembe za ndovu. Huku kwetu huwindwa kwa mbwa na mitego ya waya, kwa ajili ya nyama na ngozi. Ukimtoa kwenye mti wake, hana mparachichi wa kukimbilia.

Shemeji sasa ameweka kurumbiza kuwa mlio wa simu yake. Perere hakumrekodi, usiku ule mikono yote miwili ilikuwa imeshika blanketi.