Notisi ya kuhama sio ruhusa ya kuingia

Jumamosi asubuhi, nimejifunga taulo, sabuni bado iko masikioni, nasikia funguo inazunguka kwenye kitasa cha mlango wa mbele. Naishi peke yangu. Nikadaka kitu cha kwanza kilichokuwa karibu ambacho kilikuwa brashi ya choo, nikatoka nayo hivyo hivyo, na hapo sebuleni nikakutana na mwenye nyumba, dalali wake, na mume na mke nisiowajua ambao tayari walikuwa wametoa tepu wanapima ukuta kuona kama kabati lao litakaa. Yule mama akanisalimia vizuri tu, akaangalia dirishani, akauliza: "Samahani kaka, hizi pazia zinabaki?"

Mwenye nyumba wala hakustuka, alionekana kama mimi ndo nimemkosea. "Si ulishatoa notisi kijana wangu?"

Nimelifikiria hilo swali kwa wiki kadhaa sasa maana naona wenye nyumba wengi wanaamini kwa moyo safi kabisa kwamba ukishaandika barua ya kuhama, nyumba imesharudi kwao na wewe umebaki kama mgeni anayesubiri usafiri. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba nitaondoka mwisho wa mwezi. Kodi ya huo mwezi ilikuwa imelipwa, yote, mpaka siku ya mwisho. Sasa ile Jumamosi ya tarehe 9 ilikuwa ya nani?

Ilikuwa yangu. Na sio kwa huruma ya mtu, ndivyo upangaji unavyofanya kazi sehemu nyingi duniani, kwamba unapolipa kodi hununui kuta, unanunua muda wa kukaa ndani ya hizo kuta bila kusumbuliwa, na huo muda mwenye nyumba ameshakuuzia kwahiyo hawezi kuutumia tena bila kukuuliza. Nchi zilizorithi sheria za Uingereza zinaiita haki ya kukaa kwa utulivu, na mara nyingi inakuwepo hata kama mkataba wako wa karatasi moja haukuitaja popote. Haipungui ukitoa notisi, inakwisha siku upangaji unapokwisha, basi.

Ila nisiwe mnafiki. Mwenye nyumba naye ana sababu ya kutaka kuingia, nyumba ikikaa tupu mwezi mzima hiyo hela hairudi, na mpangaji mpya hawezi kulipia chumba ambacho hajakiona. Na mimi mwenyewe kipindi hicho hicho nilikuwa nazunguka natafuta pa kuhamia, nikiangalia nyumba za watu ambao bado wako ndani! Kuna moja tulifika, dalali akashika kitasa moja kwa moja, sauti ya dada ikatoka ndani, "ngojeni kidogo nitoe nguo kitandani", na dalali akaangalia saa akaguna. Nikamwambia tusubiri. Tulisubiri dakika tano. Hakuna aliyekufa.

Kwahiyo ugomvi hauko kwenye aingie au asiingie, uko kwenye anaingiaje. Na hapo ndipo nilipoanza kusoma sheria za watu, nikakuta mambo ambayo laiti ningeyajua ile Jumamosi nisingesimama pale na brashi.

Jimbo la California kule Marekani mwenye nyumba kwa kawaida anatakiwa atoe taarifa ya maandishi, na masaa 24 ndo yanahesabika kuwa muda wa kutosha, alafu aje muda wa kawaida wa kazi. Uingereza, kwenye sheria ya mwaka 1985 inayohusu wenye nyumba na wapangaji, akitaka kuja kuangalia hali ya nyumba ni masaa 24 kwa maandishi na saa zinazoeleweka. New Zealand wamekaza zaidi, akitaka kuleta watu waione nyumba lazima wewe ukubali kwanza, huruhusiwi kukataa bila sababu ya maana lakini unaruhusiwa kuweka masharti yako, mfano siku gani na saa ngapi. Ontario kule Kanada ndo kidogo iko upande wa mwenye nyumba na niseme ukweli ilinishangaza: kawaida anatakiwa kuandika masaa 24 kabla, ila mkishapeana notisi ya kumaliza upangaji anaweza kuleta wapangaji wapya bila hiyo barua, ilimradi iwe kati ya saa 2 asubuhi na saa 2 usiku na awe amejitahidi kukujulisha kwanza. Unaona? Hata pale ambapo notisi inabadilisha kitu, bado kuna saa na bado kuna kuambiwa.

Dharura ni habari nyingine. Bomba limepasuka maji yanashuka kwa jirani wa chini, au kuna moshi, aingie tu hata kwa kuvunja, hakuna mtu mwenye akili atalalamika. Tatizo ni wale ambao kwao kila kitu ni dharura. "Mteja amesafiri kutoka mbali" sio dharura.

Ujerumani nayo kuna kesi moja nimeipenda mno. Mwenye nyumba mwanamke alikuja kuangalia vifaa vya kutambua moshi, hilo walikuwa wamekubaliana, ila alipofika ndani akaanza kuingia na vyumba vingine ambavyo hawakukubaliana, mpangaji akamwambia atoke, hataki. Mpangaji akambeba akamtoa nje. Yani kambeba kweli, mikononi. Mwenye nyumba akataka kumfukuza kwa hilo, kesi ikapanda hadi mahakama ya juu ya shirikisho, na mwezi Juni 2014 mahakama ikasema kumbeba huko sio sababu ya kutosha kumvunjia mkataba, kwa sababu huyo mwenye nyumba ndiye aliyevuka mipaka kwanza. Sisemi mkambebe mtu jamani. Mimi mwenye nyumba wangu simuwezi, ana kilo za kutosha.

Sasa kwanini watu hatusemi? Mimi mwenyewe ile siku sikusema, nilisimama pale na taulo nikajibu swali la pazia. Jibu ni dipoziti. Hela yako ya dhamana iko mfukoni kwake, yeye ndiye atakayeamua kama ile alama ukutani ni uchakavu wa kawaida au umeharibu, na hizo wiki za mwisho ndo wiki ambazo huwezi kumuudhi kabisa. Anajua. Na wewe unajua kwamba anajua. Ndo maana mtu ambaye mwaka mzima alikuwa anapiga simu kabla ya kuja anaanza kutumia funguo yake ya akiba mwezi wa mwisho, na ndo maana wapangaji wengine wanaona bora wasilipe kodi ya mwezi wa mwisho wakisema "kata kwenye dipoziti", kitu ambacho nakielewa ila sikishauri, kwa sababu hapo unampa yeye haki ya kulalamika wakati wewe ndo ulikuwa nayo.

Nilichofanya mimi ni kidogo sana. Jumapili usiku nilimtumia meseji, sio kupiga simu, meseji, maana simu haiachi kumbukumbu. Niliandika: "Shikamoo mzee. Naelewa unatafuta mpangaji na niko tayari kusaidia. Wateja waje Jumanne na Alhamisi kuanzia saa 11 jioni, au Jumamosi saa 4 hadi saa 6 mchana, nijulishe siku moja kabla. Naomba tusiingie nisipokuwepo kwa sababu vitu vyangu viko ndani. Asante." Hakujibu. Alama mbili za bluu, kimya. Ila Jumatatu dalali alipiga akauliza kama Jumanne inafaa.

Naamini kilichosaidia ni kutoa saa mwenyewe. Ukisema tu "usije" umekuwa mpangaji mkorofi na hata mahali penye sheria nzuri unaweza kuonekana unamzuia. Ukisema njoo saa hii, mpira uko kwake, na akija saa nyingine kila mtu anaona nani kavunja makubaliano.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi kabisa na mimi ndilo lililoniuma kuliko lile la taulo. Picha. Yule dalali alipiga picha ile Jumamosi, chap chap, na siku mbili baadae rafiki yangu ananitumia tangazo, "hii si kwako?" Ndio kwangu. Kitanda changu hakijatandikwa, laptop juu ya meza, picha ya marehemu bibi ukutani, na dirisha la jikoni ambalo komeo lake limekatika linaonekana vizuri kabisa kwa kila mtu mwenye simu. Ruhusa ya kuonyesha nyumba haijageuka ruhusa ya kuonyesha maisha ya mtu. Nilimwandikia dalali afute, akafuta moja akaacha mbili, nikaandika tena. Siku hizi mtu akija na simu mkononi namuuliza kwanza, na vitu vya thamani na karatasi zenye jina langu vinaingia kwenye begi kabla hawajafika.

Kubadilisha kitasa kimya kimya sishauri, mikataba mingi inakataza na unaweza kuishia wewe ndo mwenye kosa. Mimi nilikuwa natumia komeo la ndani tu nikiwepo, linatosha kumfanya mtu abishe.

Alafu kuna ukaguzi, ambao watu wanauchanganya na kuonyesha nyumba wakati ni vitu viwili tofauti na huu wa pili unaweza kuwa rafiki yako. California mpangaji anaweza kuomba ukaguzi ndani ya wiki mbili za mwisho kabla hajahama ili aambiwe kabisa nini kitakatwa kwenye dipoziti, na apate nafasi ya kurekebisha mwenyewe. Afrika Kusini, sheria yao ya nyumba za kupanga ya mwaka 1999 inataka mwenye nyumba na mpangaji wakague pamoja ndani ya siku 3 kabla upangaji haujaisha, na mwenye nyumba asipofanya ukaguzi huo pamoja na mpangaji, inachukuliwa mwenye nyumba amekubali nyumba iko salama, hana tena cha kudai. Yani kule ukaguzi wa pamoja unamlinda mpangaji, na mwenye nyumba anayekwepa anajikomesha mwenyewe.

Kwahiyo mimi nilimwomba. Sheria zilizonihusu sikuzisubiri zinilazimishie, nilimwandikia tu tukague pamoja siku mbili kabla, kila chumba, nikapiga video huku anaongea. Akaona matundu manne ya misumari, akasema hayo uzibe. Nikaziba. Akaona alama ya maji chini ya sinki, nikamwonyesha meseji ya mwaka jana niliyomwambia kuhusu bomba hilo na yeye akajibu "nitatuma fundi", fundi ambaye mpaka leo sijamwona. Akanyamaza kidogo. "Hiyo iache."

Siku ya mwisho nyumba ilikuwa tupu, hata pazia nilishatoa (yule mama hakurudi), mlango wa mbele uko wazi kabisa kwa sababu nilikuwa natoa takataka. Nasikia sauti nje. Nimegeuka, mzee amesimama hapo kizingitini, funguo yake mkononi, hajavuka.

"Hodi humu."

Nikamwambia karibu.