Umefika Unakokwenda

Mjomba wangu hajawahi kupotea. Husema hivyo mwenyewe, na la kuudhi ni kwamba husema kweli, kwa kuwa kila njia aliyowahi kuipita huikumbuka kwa mti wake, kwa daraja lake na kwa mbwa aliyemkimbiza hapo. Kwa hiyo aliponiomba nimpeleke kwa pikipiki kumwona rafiki yake wa zamani, mwendo wa kilomita 80 hivi, kosa langu la kwanza lilikuwa kumwambia kwamba hatakuwa na haja ya kunielekeza, kwa sababu simu ndiyo ingetuongoza.

Nilikuwa nimejiandaa kama rubani. Kwenye usukani nilifunga kishikio cha simu chenye mpira wa kupunguza mtetemo, maana mwaka 2021 kampuni ya Apple yenyewe iliwatahadharisha watumiaji wake kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kudhoofisha kamera ya simu. Ndani ya kofia yangu ngumu nilibandika spika mbili nyembamba, ili maelekezo yanifikie masikioni bila kugombana na upepo. Waya wa chaji niliupitisha chini ya tangi na kuubana vizuri. Katika mipangilio nilichagua kuepuka barabara kuu, kwa kuwa malori hayana urafiki na magurudumu mawili. Kila jambo nilikuwa nimelifikiria isipokuwa mvua.

Mjomba aliizunguka pikipiki mara moja, akaitazama simu, akauliza ni nani hasa anayeijua njia humo ndani. Mtu mwenye busara angejibu kwamba ni ramani, akawasha injini. Mimi nilitoa mhadhara. Nilimweleza kwamba setilaiti ya kwanza ya mfumo wa GPS ilirushwa na Wamarekani mwaka 1978, kwamba setilaiti hizo huizunguka dunia zikiwa juu kiasi cha kilomita 20,200, na kwamba simu husikiliza angalau nne kwa pamoja, ikapima muda ambao mawimbi ya kila moja yametumia kufika, na kwa muda huo ikajua iko wapi. Nilipoona ananisikiliza kwa utulivu nikapandwa na kichaa cha ualimu, nikamwongezea na Einstein: saa zilizomo kwenye setilaiti, zisiporekebishwa, huenda mbele ya saa za huku chini kwa takriban mikrosekunde 38 kila siku, na kijisehemu hicho cha muda, ambacho hakitoshi hata kupepesa jicho, kinatosha kuutupa mfumo mzima zaidi ya kilomita 10 kutoka mahali penyewe.

"Kwa siku moja?" akauliza mjomba.

"Kwa siku moja."

"Basi, mjomba, tupite njia ninayoijua mimi."

Nilicheka kicheko cha mtu aliyesoma, nikamvisha kofia. Kwa kuwa dereva na abiria wake hawasikilizani pikipiki ikishika mwendo, tukapatana ishara: akinigonga bega mara moja nipunguze mwendo, akinigonga mara mbili nisimame. Mapatano hayo niliyatunga mimi mwenyewe, jambo ambalo mjomba hukumbusha kila anapokisimulia kisa hiki, naye hukisimulia mara nyingi.

Kilomita 40 za mwanzo zilikwenda vizuri hata nikaanza kuona fahari. Sauti ya mwanamke mpole ilininong'oneza kata kushoto, kata kulia, kwenye mzunguko toka kwa njia ya pili, nami nikawa nainamisha pikipiki kwenye kona kwa madaha kana kwamba barabara ile niliichora mimi.

Kisha mvua ikatukuta. Haikuwa mvua ya kutisha; ilikuwa ile ya matone manene yaliyoachana, kila moja likianguka peke yake kana kwamba linachagua mahali pa kutua. La kwanza lilitua katikati ya ramani, na ramani ikakua ghafla hadi nikaona uchochoro mmoja tu umejaza kioo kizima. La pili lilitua juu, likateremka taratibu, nayo ramani ikaburutwa nalo, mpaka kile kimshale cha buluu, ambacho ndicho sisi wawili na mizigo yetu, kikatoweka pembeni mwa simu. Kioo cha simu hutambua kidole kwa kuwa mwili hupitisha umeme. Maji ya mvua nayo huupitisha, na simu haikuwa na namna ya kujua kwamba aliyekuwa akiibonyeza kwa bidii namna ile hakuwa mwenyewe. Orodha zikafunguka, zikajifunga, zikafunguka tena. Kibodi ikajitokeza, na nikaona kwa macho yangu mvua ikiandika herufi nne, ikazifuta.

Nilijaribu kuingilia kati. Glavu nene haikutambuliwa kabisa. Mvua ilikuwa na mamlaka juu ya simu yangu kuliko mimi niliyeinunua. Nikaivua glavu kwa meno, kazi ambayo ukiwa na kofia inayofunika kidevu hugharimu muda na heshima, lakini kidole chenye maji hakikusikilizwa zaidi ya tone jingine lolote. Mwishowe nikaifuta simu kwa kiwiko cha koti. Ikatulia. Ramani ikarudi, kimshale kikarudi, mstari wa njia ukarudi. Nami sikusoma kilichoandikwa juu ya mstari huo, kwa sababu kioo cha kofia kilikuwa kimejaa ukungu wa pumzi zangu.

"Ukipata nafasi salama," ikasema ile sauti, "geuza urudi ulikotoka."

Mtu asiyejua mambo angeshtuka. Mimi, kwa bahati mbaya, nilikuwa najua. Nilijua kwamba programu hizi hupokea habari za foleni na ajali na kubadilisha njia safari ikiwa inaendelea, kwa hiyo nikahitimisha kwamba huko mbele kuna balaa ambalo setilaiti zimetuepusha nalo, ingawa setilaiti za GPS hazijui foleni wala barabara, na saa moja tu iliyopita nilikuwa nimemweleza hivyo mjomba kwa kinywa changu. Nikageuza.

Mjomba akanigonga bega mara mbili. Nikadhani ananipongeza.

Tulipofika pale tulipokuwa tumeingilia, sauti ikanipeleka kwenye barabara nyingine ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuipita, yenye mashimo na madimbwi, jambo lililozidi kunithibitishia kwamba tunasonga mbele. Mjomba akanigonga mara tatu. Nilizihesabu kwa makini, na kwa kuwa mara tatu haikuwamo katika mapatano, niliendelea. Baadaye akanigonga juu ya kofia, ko ko ko, kama mtu anayebisha hodi, nami nikajisemea kwamba mvua imegeuka mawe. Kisha akaacha kabisa. Akakunja mikono, nikamwona kwenye kioo cha pembeni, ametulia kama abiria wa meli. Nikafurahi kwamba hatimaye ameiamini sayansi.

Baada ya saa nzima na zaidi ya matope, jua likielekea kuzama, tuliingia mtaa fulani kwa upande wa nyuma. Mbele yetu palikuwa na uzio, na ng'ambo yake kamba ya nguo zilizolowa, na kwenye kamba shati la mistari linalofanana sana na la kwangu. Nikamsifu moyoni rafiki yake mjomba kwa kujua kuchagua mashati.

"Umefika unakokwenda," ikasema sauti.

Nikaitazama nyumba. Niliitambua kwanza kwa ule ufa wa ukutani ambao nimeahidi kuuziba tangu mwaka juzi. Halafu mke wangu akatokea mlangoni akiwa na beseni, akauliza kama tumesahau kitu.

Kumbe kwenye programu ile kuna kitufe chenye picha ya kijumba, cha kumrudisha mtu nyumbani kwa mguso mmoja, na ukubwa wake ni sawasawa na tone nene la mvua. Setilaiti hazikukosea hata mita moja ya maana. Tangu tulipoondoka hadi tuliporudi zilijua tulipo. Kwamba tulipo si tulipotaka kuwa, hilo halikuwa jukumu lao.

"Mjomba," nikauliza nikiivua kofia, "ulijua tangu lini?"

"Tangu ulipogeuza."

"Mbona hukuniambia?"

"Nimekugonga mara mbili. Nimekugonga mara tatu. Nimekugonga kichwani. Nikaona labda unangoja wale wanne wa juu waniunge mkono."

Alimpigia simu rafiki yake, akamwambia kwamba asitungoje, tumefika salama lakini si kwake. Maelezo mengine alimpa kwa sauti ya chini, kisha nikasikia mtu wa upande wa pili akicheka hadi akapaliwa na kukohoa. Mke wangu alikuwa ameshaingia ndani na beseni lake, nami nilijua hajaingia kwa sababu ya baridi.

Mimi niliitundika kofia kwenye kioo cha pembeni, nikaanza kufungua mizigo. Mjomba, ambaye hapendi kuona kifaa cha mtu kikiharibika, alitoa leso yake, nayo ilikuwa imelowa kama sisi, akaanza kuifuta simu taratibu pale pale kwenye kishikio, akikandamiza kwa dole gumba kila pembe ya kioo.

Kutoka ndani ya kofia ikasikika sauti ile ile pole: "Njia imepatikana. Safari itachukua saa moja na dakika 40. Anza kwa kugeuza."